Programu Isiyojua Kunyamaza

Rachael aliponunua DekiMasta, ile programu ya kuchezea muziki, kampuni ilimwandikia kwamba sasa ni yake milele. Nalikumbuka neno hilo kwa sababu alikuja mbio mpaka kwenye meza yangu ya ufundi pale sokoni Kibuye, simu ameiinua juu kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto mchanga.

"Milele, Fundi Enos! Unaona? Wameandika milele!"

Nikamwambia milele ya watu hao huwa fupi kuliko maisha ya kuku wa Krismasi. Akacheka, akasema mimi nina roho ya ndimu.

Basi milele ikaisha kabla viatu alivyovaa siku ile havijatoboka. Jumamosi moja asubuhi akarudi, na safari hii hacheki. Akaiweka laptopu juu ya meza, kati ya redio ya mtu na pasi ya mtu, akaifungua. Dirisha jekundu likatokea kwenye kioo: masharti yamebadilika, DekiMasta sasa inalipiwa kila mwezi, na asiyelipa ataendelea kuitumia kwa majaribio.

"Majaribio ni nini?" nikamwuliza, ingawa najua.

"Ngoja uskie."

Akaweka wimbo wa benga. Gitaa likaingia tamu, besi ikafuata, mguu wangu ukaanza kugonga chini wenyewe. Halafu, kimya. Wimbo wenyewe haukusimama. Kwenye kioo ulikuwa bado unatembea, ila sauti imekatwa. Tukatazamana kama watu waliofumaniwa. Sauti iliporudi, wimbo ulikuwa umeshapita pale penye utamu.

"Inafanya hivyo kila wimbo," Rachael akasema. "Jumapili kadhaa sasa, pale kwa Mathenge. Nasimama mbele ya watu kama mtu amesahau maneno ya wimbo kanisani. Wengine wanainuka kabisa, wanaongea wenyewe kunifunikia aibu."

Mathenge mnamjua? Ni mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu kuuza viazi, akanogewa, akabaki. Ana bustani ya samaki kule Dunga, ukingoni mwa ziwa: meza, miavuli, jukwaa la mbao, na nyuma yake jiko la Mama Benta. Jumapili mchana watu wakitoka kanisani huenda kula ngege, samaki wa ziwa letu, na kusikiliza muziki. Dijei alikuwa yeyote aliyepatikana, mpaka Mathenge alipotangaza kwamba anataka mmoja wa kudumu. Waliobaki walikuwa wawili: Rachael, na Frankline, kijana anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

"Anaamua kesho," Rachael akasema. "Fundi, nimepiga matanga Kombewa, nimepiga harusi Muhoroni, kila mahali nabeba spika kama mtu amefukuzwa na landilodi. Nataka mahali pamoja tu. Mahali mtu akiniuliza napiga wapi, namwambia."

Hasira ilinipanda, na sitadanganya, ilikuwa na raha ndani yake. Nilikuwa nimeingojea siku kama hiyo.

Mimi sisahau. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua na kuzifunga. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna aliyenifundisha kusamehe pia. Nakumbuka kompyuta zilizoletwa shuleni kwetu Awasi kwa sherehe: mgeni wa heshima akakata utepe, tukala mandazi, tukapiga makofi. Muhula uliofuata zikadai nambari ya kufungulia ambayo hakuna mtu Awasi nzima aliyekuwa nayo. Tukafundishwa kibodi kwa kuichora kwenye karatasi. Nakumbuka saiba ya intaneti niliyofanyia kazi Kondele, siku ya mwisho ya kuomba nafasi za chuo, watu wamejaa mpaka mlangoni, na ghafla vioo vyote vikawa vyeusi, na maneno katikati kwamba programu hizi si halali, huenda sisi ni wezi. Huenda! Kuna mama alilia hapo huku amemshika mwanawe mkono. Walioandika maneno hayo walilala usingizi mzuri usiku ule, huko waliko. Mimi niko macho hadi leo.

Tangu hapo nikaapa kutumia programu huru tu, zisizofungwa na kampuni yoyote. Barua za wateja naandika kwa LibreOffice. Picha za pasipoti nasafisha kwa GIMP. Filamu yoyote, hata iliyokwaruzwa namna gani, VLC inaimeza. Laptopu kuukuu ambazo wenyewe walishazikatia tamaa nazitilia mfumo wa Linux Mint, zinaamka na kuulizia kazi. Pale Kibuye wananiita Fundi Bure kwa dhihaka. Sawa. Ila mimi sipigii kelele bei. Napigia kelele ufunguo, uko mfukoni mwa nani.

"Niachie hapa," nikamwambia Rachael.

"Utafuta kila kitu?"

"Nyimbo zako naziweka kwenye flashi. Hao wengine nawahamisha na magodoro yao."

Nikapangusa laptopu yote, nikaweka Linux Mint, na juu yake Mixxx, programu huru ya madijei. Rachael akainama kutazama. Sahani mbili za muziki, kipimo cha kasi, kila kitu alichokizoea kipo, hata vingine hakuvitegemea.

"Hii ni pesa ngapi?"

"Hakuna."

"Hakuna saa hii, ama hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa. Imeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, na walichokiandika wamekiacha wazi. Ukitaka kujua ndani imefungwa vipi, unafungua. Ukitaka kuibadilisha, unabadilisha. Hakuna mtu atakuamsha asubuhi akwambie masharti ni mengine."

Tukaweka benga ile ile. Ikaenda kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukwama hata kidogo. Mama wa sukuma wiki jirani yangu aliacha kukata mboga akacheza na kisu mkononi. Rachael akanikumbatia mpaka bisibisi ikanichoma mbavuni.

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, siku fundi mwenye akili haondoki mezani. Mimi nikafunga. Nikavaa shati la kupiga pasi, nikaenda Dunga kutazama ushindi.

Na kweli nilipofika muziki ulikuwa unatiririka. Wimbo ukiisha mwingine umeshaingia, huoni mshono. Bustani imejaa, magauni ya kanisani, kofia, harufu ya samaki na ndimu. Nikakaa karibu na jukwaa na mkoba wangu wa ufundi, nikaagiza soda, nikangoja watu wafurahi.

Hawakufurahi.

Walikula wakiangalia sahani. Waliongea kwa sauti ya chini kama watu wa chumba cha daktari. Meza ya mbele alikaa Mzee Opondo, dereva wa lori la miwa Muhoroni, ndani ya suti mpya ya rangi ya parachichi. Nikamwona akiinuka, akifunga kifungo cha koti, akikohoa kusafisha koo. Akasimama hivyo, anamtazama Rachael. Rachael ana visikizi vyake masikioni, macho kwenye kioo, anachanganya nyimbo kwa furaha. Mzee akafungua kifungo, akakaa. Wimbo uliofuata, tena vile vile: kifungo, kikohozi, kukaa. Meza ya pembeni mama mmoja akafanya hivyo hivyo na kilemba chake.

Mathenge alikuwa amesimama penye kaunta, mikono amekunja kifuani. Frankline, chini ya mwavuli, mashine yake kwenye mkoba mapajani, alikuwa anatabasamu na miwani yake.

Mama Benta akaniita kwa kidole kutoka jikoni. Yeye akikuita kwa kidole, unaenda.

"Wewe wuod Awasi, ndiyo ulitengeneza mashini ya Rachael?"

"Ndiyo mimi, Mama." Nikanyoosha kola.

"Sasa kwa nini umeiharibu?"

"Nimeiharibu vipi? Ilikuwa inanyamaza katikati ya wimbo. Sasa hainyamazi."

"Yawa!" Akageukia sufuria kana kwamba sufuria ingemwelewa haraka zaidi. "Si hiyo ndiyo nakuambia? Hainyamazi! Watu watafanya pakruok saa ngapi?"

Nilisikia kama mtu amenimwagia maji ya samaki.

Kwa asiyekaa kwetu Ujaluoni: pakruok ni kujisifu hadharani, na ni adabu, si majivuno. Kwenye ngoma ya bendi, mgeni anainuka, wapiga gitaa wanashusha nyuzi, yeye anashika maiki anajitaja: mimi ni nani, ni wuod wa wapi, yaani mwana wa wapi, au nyar, binti wa wapi, nimeoa wapi, rafiki zangu ni akina nani. Watu wanamshangilia, anamtunza mwanamuziki, ngoma inaendelea. Ngoma inakatwa na mgeni. Hiyo ndiyo heshima yake. Kisha wakaja madijei, masikio wameyaziba, na mambo hayo yakaanza kufifia, maana ni nani mtu mzima ataenda kumgonga dijei begani kama anaomba njia?

"Sasa Rachael alipoanza kuzima muziki," Mama Benta akaendelea, "tukasema huyu msichana amelelewa. Anawapatia wazee nafasi. Opondo akasimama wa kwanza. Jumapili iliyofuata wakaja na mashemeji. Unaona hiyo suti? Ameishona kwa sababu ya kunyamaza!"

"Mama, ile kunyamaza ilikuwa ugonjwa. Ni kampuni ilikuwa inamkaba asipolipa."

"Ugonjwa wa nani? Hapa tulikuwa tunapona."

Kumbe hao waliokuwa wakiinuka hawakuwa wakimfunikia Rachael aibu yoyote. Walikuwa wakimshukuru. Na mimi, adui wa kampuni zote, nimekuja kugundua kwamba kampuni mojawapo, kwa roho mbaya yake tupu, imewafanyia watu wa Dunga jambo ambalo sisi wote hatukulifikiria. Nilitamani kumeza mfupa.

Nikapanda jukwaani, nikamwambia Rachael sikioni. Kwanza akacheka. Kisha akamwona Mathenge na mikono yake iliyokunjwa, kicheko kikakatika.

"Rudisha DekiMasta."

"Nimeifuta."

"Fundi!"

"Na hata ningekuwa nayo, nisingeirudisha."

"Kwa sababu si wewe utarudi kubeba spika kesho!" Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Wewe ulikuja kushinda vita vyako. Mimi nilitaka tu mahali pa kupiga."

Akanigeuzia mgongo. "Basi nitanyamazisha mwenyewe." Akabonyeza, wimbo ukasimama.

Bahati mbaya wakati huo Mzee Opondo alikuwa na ngege mdomoni. Watu wakainua vichwa.

"Stima imepotea?" mtu akauliza.

"Rachael, kwani umeudhika?" mwingine akapaza.

Rachael akashtuka, akawasha tena. Ndipo Opondo akameza, akasimama, akafunga kifungo, akakuta muziki umesharudi. Jinsi alivyokaa chini ile mara, hata mimi niliumia. DekiMasta ilikuwa inanyamaza kila mara, ukikosa kimya hiki unangoja kingine. Lakini Rachael angejuaje nani amemeza na nani bado?

Mathenge akaanza kuja kwetu, polepole, akisimama kusalimia meza moja moja. Frankline akafungua zipu ya mkoba.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Ngoma inakatwa na nani? Na mgeni! Si kampuni, si dijei, wala si fundi mwenye shati la pasi.

"Rachael, nipe nafasi kidogo."

"Uharibu nini tena?"

"Nipe!"

Mkobani nilikuwa na kibodi isiyo na waya, herufi zimefutika kwa uzee. Nikachomeka kipokezi chake kwenye laptopu. Mixxx ina faili ya maandishi ya kawaida inayosema kitufe kipi kifanye kazi gani, na faili hiyo haijafungwa na mtu: unaifungua, unaandika, unahifadhi. Nikaandika kwamba kile kitufe kirefu cha chini kikibonyezwa wimbo usimame, na kikibonyezwa tena uendelee pale pale ulipoachia. Usikimbie mbele na utamu wa watu kama ile nyingine. Umngoje mgeni. Vitufe vingine vyote nikaving'oa kwa bisibisi, vikaruka jukwaani kama mahindi ya kukaanga, mtu asije akabonyeza cha Shetani.

"Sasa lazima niizime kidogo niiwashe," nikasema. "Ndiyo isome nilichoandika."

Nikazima. Bustani ikawa kimya.

Kabla sijaiwasha, Mzee Opondo alikuwa ameshafika jukwaani. Sijui aliruka kiti au alikipitia chini. Maiki mkononi, kifungo kimefungwa.

"Mimi Opondo!" akanguruma. "Wuod Muhoroni! Lori langu likipita, miwa inajipanga yenyewe kando ya barabara!"

"Eee!" bustani ikaitikia, kama watu waliokuwa wamezibwa pua.

"Nimeoa Seme! Na watu wa Seme hawajawahi kuniomba nimrudishe binti yao! Mama mkwe akisikia lori anaweka chai! Nyinyi watu wa Awasi mmelala, sisi tunabeba sukari yenu mkikoroma!" Hapo akanitazama mimi, na watu wakapiga meza.

Programu ilikuwa imeshaamka. Nikamsogezea kibodi. "Mzee, bonyeza hapo muziki uanze. Ukitaka usimame, bonyeza tena."

"Mimi?"

"Wewe. Leo ngoma ni yako."

Akakitazama kitufe, akakibonyeza kwa ncha ya kidole kama anayepima chapati kwenye moto. Gitaa likalia. Akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, akasimama, akageuka. Akarudi, akabonyeza. Kimya.

"Nimesahau jirani zangu!"

Wakacheka mpaka mtu akamwaga supu. Akawataja majirani wote na ng'ombe wao, akabonyeza, na lile gitaa likaendelea pale pale, kwenye nukta ile ile lilipokuwa limeinua mguu. Watu wakashangilia nukta hiyo kuliko hata maneno yake.

Baada ya hapo sikuhitajika. Mama wa kilemba akapanda, akajisifu yeye na dada zake wote mpaka yule wa Qatar. Mwalimu mmoja akajisifu hesabu. Kila mtu anakata ngoma wakati wake, mdomo wake ukiwa mtupu, na Rachael, akiwa huru na kazi hiyo, akaanza kumchagulia kila mmoja wimbo wa kumshusha nao jukwaani. Alikuwa amevitoa vile visikizi masikioni. Alikuwa anawatazama watu.

Mathenge akafika. Alisimama chini ya jukwaa, uso kama mlango wa benki.

"Rachael," akasema, "mwanzo wa mchana nilidhani umewakasirikia wateja wangu."

"Hapana, Bwana Mathenge. Ilikuwa mashini."

"Na saa hii ni mashini pia?"

"Saa hii ni wao."

Akatafakari. Akapanda. Bustani yote ikatulia, kwa sababu kwa miaka yote aliyokaa Dunga, Mathenge hajawahi kujitaja mahali popote isipokuwa kwenye leseni ya biashara. Akanyoosha kidole kinene, akabonyeza.

"An Mathenge," akaanza, na Kijaluo chake kina vilima vya Nyeri ndani yake. "Wuod Nyeri ma odak Dunga!"

Mwana wa Nyeri akaaye Dunga! Wangalimpa ziwa lote siku hiyo wakasema amepunjwa.

"Nilikuja hapa na gunia la viazi!" Kiswahili sasa, jasho linamtoka. "Nikasema nakaa wiki moja! Ngege akanishika mguu! Mimi nakula kichwa cha mbuta siachi jicho! Benta yuko hapo, muulizeni!"

"Haachi!" Mama Benta akapiga ukelele kutoka jikoni. "Hata sahani tunamnyang'anya!"

"Na huyu hapa ni Rachael, nyar Kombewa. Huyu ndiye dijei wangu. Kila Jumapili! Mkimuuliza anapiga wapi, anapiga kwa Mathenge!"

Akabonyeza, benga ikaruka, na akasahau kushuka. Akacheza hapo hapo, mabega yake yakienda upande na muziki ukienda upande mwingine. Rachael alikuwa anacheka na kulia, akipangusa uso kwa kiganja. Akaninyooshea kidole, kisha akakigeuza ngumi, kisha akanirushia busu. Nikaelewa kwamba nimesamehewa, kwa masharti yasiyobadilika.

Frankline alikuja kwangu miwani ameishika mkononi. Ana macho mazuri, kumbe, ni vile tu hayajawahi kuonekana.

"Fundi, mimi pia hao DekiMasta wameniandikia jana," akasema. "Masharti yamebadilika. Hiyo yako ni ngapi?"

Miaka yote hii nimengoja mtu aniulize hivyo kwa unyonge huo. "Njoo Kibuye kesho na flashi," nikamwambia. "Na usivae hiyo miwani, hutaona kitu."

Ndipo wakaanza kuita. "Fundi! Fundi naye! Wuod Awasi ajitaje!" Nikajikuta juu, kitufe nimeshakibonyeza, maiki mkononi, watu wote wananitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na maiki, spika kubwa, na watu walioshiba.

"Mimi ni Enos," nikasema. "Wuod Awasi. Mtu asiyesahau."

"Eee!"

"Nakumbuka kompyuta za shule yetu, utepe ukiwa bado mpya!"

"Eee!"

"Nakumbuka vioo vya Kondele vilivyotuita wezi! Nakumbuka printa iliyokataa wino kwa sababu wino haukuzaliwa kwao! Nakumbuka na ile kampuni nyingine iliyo..."

Gitaa likalia. Nikageuka. Mama Benta alikuwa amesimama nyuma yangu, aproni na kila kitu, kidole chake chenye unga wa ugali bado kiko juu ya kitufe.

"Ero kamano, wuod Awasi," akanishukuru. "Hiyo ingine utatuambia Jumapili. Sasa cheza."

Nikacheza.